Bi mkubwa aliyeumwa na sikio: uchambuzi wa kisa cha kutafuna, Pemba

Alikuja msimu wa karafuu, zile siku ambazo kila ua una jamvi lililoanikwa na harufu inamfuata mtu mpaka ndani ya chumba cha meno. Mwanamke wa miaka 60 na kidogo, mchambuaji karafuu tangu usichana wake, ameshika shavu la kulia kwa kiganja. Nyuma yake mkaza mwana wake amebeba mkoba. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kitini. Hakusema anaumwa na jino.

“Sikio hili, mwanangu. Mwezi wa tano huu. Nimetiwa matone mara mbili, halisikii dawa.”

Mwenzangu wa chumba cha jirani alikwisha kulitazama sikio lenyewe. Ngoma nzima, hakuna usaha, hakuna nta iliyoziba. Ndiyo sababu akavushwa ukumbi akaletwa kwangu. Jina lake na kijiji chake naviacha. Kisa nakiandika kwa wenzangu wa vyumba vya meno, na kwa yeyote aliye na mzazi nyumbani anayeanza kuvikataa vyakula alivyovipenda, maana siku ile nilikaribia kumharibia kinywa kwa kazi ya dakika kumi, na ningeifanya nikiamini nimemsaidia.

Alipofumbua kinywa niliona jambo moja kubwa, na hilo likanifunika macho. Gego la kwanza la juu upande wa kulia lilikuwa limepasuka ukuta wa upande wa shavu, na ufa wenyewe unaingia chini ya kijazo cha zamani. Pembeni yake ufizi ulikuwa mweupe, umebabuka kama ngozi iliyolowekwa. Nikamuuliza anaweka nini pale. Akafungua fundo la kanga akanionyesha: punje za karafuu, kavu, nzima. Kila akilala huisukuma moja kati ya shavu na ufizi na kulala nayo mpaka alfajiri.

Karafuu ni dawa ya jino, na mtu wa Pemba hahitaji kuambiwa. Sehemu kubwa ya mafuta yake, mara nyingi kati ya 70 na 90 kwa mia, ni yujenoli, ambayo hutia ganzi kidogo na kutuliza. Sisi wenyewe chumbani tunaichanganya na unga wa zinki oksaidi tukapata ujiuji unaoganda kuwa kijazo cha muda, na jino lenye hasira hutulia chini yake. Lakini yujenoli mbichi ikikaa mahali pamoja usiku kucha huunguza. Bi mkubwa alikuwa na maumivu mawili pale: la jino, na la dawa ya jino.

Nikakata shauri upesi. Jino limepasuka, mgonjwa ametoka mbali, gari la kurudi linaondoka saa nane, basi ling'oke. Sindano ya ganzi ilikuwa tayari mkononi. Nikauliza maswali ya desturi, sukari, presha, dawa anazotumia, na aliyejibu alikuwa mkaza mwana.

“Sukari hana, presha kidogo. Ila hali, daktari. Pweza alikuwa roho yake huyu. Sasa nikimpikia anawapa watoto. Chai na boflo asubuhi, chai na boflo mchana, usiku uji.”

Sindano nikaiweka chini. Mtu mwenye jino moja bovu hutafuna upande wa pili. Kama hali kitu kigumu chochote, huo upande wa pili una nini?

Nikaanza kuhesabu upya, na safari hii sikuhesabu meno. Nilihesabu jozi: jino la juu linalokutana na jino la chini. Meno aliyokuwa nayo ni 25. Mbele yote yapo, juu na chini. Magego madogo, yale yaliyo kati ya meno ya mbele na magego makubwa, yote manane yapo, kwa hiyo jozi nne. Sasa magego makubwa. Kushoto chini hakuna hata moja. La kwanza lilitoka akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza, na mengine mawili yakafuata kwa miaka. Kushoto juu yapo mawili, yananing'inia bila mwenza, na moja limeshuka kiasi cha kukaribia kugusa ufizi wa chini, kwa sababu gego lisilopata wa kukutana naye huendelea kushuka polepole. Kulia chini yapo mawili, kulia juu lipo moja tu, na ndilo lile lililopasuka. Kinywa kizima cha bi mkubwa kilikuwa na jozi moja tu ya magego makubwa, na nusu ya jozi hiyo ndiyo niliyotaka kuing'oa.

Idadi ya meno ingenipa moyo wa uongo. Kipimo kilichozoeleka duniani ni meno 20: mwenye 20 au zaidi huhesabiwa kuwa na kinywa kinachoweza kufanya kazi. Wajapani walianza mwaka 1989 kampeni yao ya 8020, yaani mtu afike miaka 80 akiwa na meno yake 20, na ni lengo zuri kwa nchi nzima. Lakini bi mkubwa alikuwa na 25. Ningeng'oa, angebaki na 24. Kwenye karatasi angefaulu kabla na baada.

Utafiti unaojibu swali hili vizuri zaidi kwa mtu kama yeye ulifanywa Tanzania, na nasikitika kwamba wengi wetu hatuutaji. Mwaka 1981 mtafiti wa meno Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alikuwa ameonyesha kwamba mtu anaweza kuishi vizuri bila baadhi ya magego ya nyuma ikiwa jozi za kutosha zimebaki. Likabaki swali kama hayo yanawahusu watu wanaokula vyakula vya huku kwetu. Mwaka 2003 Sarita na wenzake, wa Tanzania na Nijmegen, wakachapisha majibu ya Watanzania 725 waliopungukiwa magego na 125 wenye safu kamili, wakiwauliza juu ya kutafuna vyakula vyao wenyewe. Wale waliokuwa na magego madogo yote pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa walijimudu. Waliobakiwa na magego madogo tu, au waliopungukiwa zaidi upande mmoja, walianza kulalamika, hasa kwa vyakula vigumu. Waliobakiwa na jozi mbili au chini ya hapo walitaabika sana. Bi mkubwa alikuwa amesimama kwenye mpaka wenyewe, na koleo langu lingemsukuma upande wa pili.

Basi siku ile nililiondoa lile pande la kijazo lililolegea, nikaupunguza urefu wa ukuta uliopasuka ili usigongwe tena, nikaweka kijazo cha zinki na yujenoli kutuliza. Nikamkataza punje ya karafuu ufizini. Arudi baada ya wiki mbili.

Aliporudi, jino lilikuwa kimya na ufizi umepona. Sikio halijapona.

Hapo ndipo nilipolikabili taya lenyewe, jambo ambalo lilinipasa tangu mara ya kwanza. Kila mwenye jiko analijua koleo la makaa: limefungwa mwisho mmoja, mkono unabana katikati, na kaa liko ncha ya mbele. Taya la chini limeumbwa hivyo hivyo. Kiungo kiko mbele kidogo ya tundu la sikio, misuli inavuta katikati, na chakula kiko mbele ya misuli. Kaa likiwa karibu na mkono hubanwa barabara, likiwa nchani huponyoka. Ndiyo maana magego ya nyuma, yaliyo karibu na misuli, ndiyo yenye nguvu. Kwa mtu mzima mwenye afya, nguvu ya kuuma kwenye magego inaweza kuzidi nyutoni 500, sawa na uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50. Meno ya mbele hayafikii hata nusu yake. Mtu aliyepoteza magego hafidii pengo lake kwa meno ya mbele, hata yakiwa mazuri kiasi gani. Atakazana zaidi, na mkazano huo unalipwa na misuli.

Msuli mkubwa wa kazi hiyo uko shavuni. Unashuka kutoka mfupa wa shavu mpaka kona ya taya. Weka vidole hapo, bana meno, utausikia unatuna. Sehemu yake ya ndani iko mbele tu ya sikio, na maumivu yake mtu huyasikia sikioni. Wa pili uko kwenye panja, na huo ukichoka, maumivu yake watu huyadhania kipandauso. Nilipombonyeza bi mkubwa shavu la kulia, sentimita mbili mbele ya sikio, alinishika mkono.

“Hapo hapo! Hilo ndilo sikio langu.”

Lakini maumivu ya hapo yanaweza kuwa ya msuli au ya kiungo, na matibabu hutofautiana. Kiungo cha taya hakizunguki tu kama bawaba ya mlango. Kwanza kinazunguka, kisha kichwa cha taya kinateleza mbele juu ya kisahani kidogo cha nyuzi ngumu. Kisahani kikitoka mahali pake kidogo, taya hulia “ta” wakati wa kufungua. Lake lililia. Mlio huo peke yake si ugonjwa. Watu wengi wanao na hawaumwi, na asiyeumwa hatibiwi mlio.

Kipimo kilichonisaidia ni rahisi, hakihitaji mashine. Mtu anapouma kitu kwa nguvu upande mmoja, kiungo cha upande ule hupata nafuu, na mzigo mkubwa unaangukia kiungo cha upande wa pili. Linashangaza mara ya kwanza kulisikia, lakini ndivyo inavyokuwa. Kwa hiyo mwenye kiungo kibovu cha kulia akiuma kushoto, kulia ndiko kutakakolia. Nikasokota pamba ngumu nikamwekea kushoto, kwenye magego madogo, nikamwambia aume. Hakuna kitu. Nikaihamishia kulia, akauma, akafumba macho: maumivu yale yale ya shavuni. Msuli, si kiungo. Kinywa kilifumbuka upana wa vidole viwili vyake mwenyewe, wakati mtu mzima kwa kawaida hupitisha vitatu.

Nikabaki na swali la kuudhi. Jino limetulia wiki mbili, chakula chake ni uji na boflo iliyochovywa chai. Msuli wa mtu anayekunywa uji unachokea wapi?

Jibu nililipata ukumbini. Nilikuwa nimemwambia akapumzike nje wakati naosha vyombo. Nilipotoka kumwita alikuwa amekaa kwenye benchi, kijaluba kimefunguliwa mapajani. Akachukua popoo, akaiweka kwenye mkasi karibu na kiungo chake, akabana kwa kiganja, tak, ikapasuka vipande vinne. Akapaka chokaa juu ya jani la tambuu kwa kidole cha kati, akaweka vipande viwili, akakunja mara tatu mpaka likawa kama sambusa ndogo, akalitia kinywani. Kulia. Na taya likaanza kazi ile ya taratibu, isiyo na haraka, ya mtu asiyejua kwamba anatafuna.

Nilisimama mlangoni nikaona aibu. Meno yake yalikuwa na ile rangi ya damu ya mzee tangu siku ya kwanza na mimi nimeiona. Lakini mama wakubwa wengi wa kwetu wana rangi ile, na jicho langu limeizoea kama linavyozoea rangi ya ukuta. Nilipomuuliza anakula nini, hakunificha kitu. Tunasema “kula tambuu”, ila hakuna anayeitia tambuu katika hesabu ya chakula. Swali langu lilikuwa bovu.

Nikakaa naye pale pale benchini. Ngapi kwa siku? Akafikiri. Asubuhi tano, sita. Mchana hajui. “Na msimu huu, mwanangu, tunachambua mpaka usiku wa manane. Ukiwa na tambuu kinywani usingizi hauji.” Kwa watu wengi meno hugusana jumla ya chini ya nusu saa kwa siku nzima, milo yote ikiwemo. Msuli huo wa bi mkubwa ulikuwa ukifanya kazi saa nyingi mfululizo, usiku, upande mmoja, juu ya kitu kigumu kama mbao, na jozi moja tu ya magego ya kuipokea. Wala sina shaka kwamba ufa wa gego ulianzia hapo.

Mkasi wa popoo na koleo la makaa ni vyombo vilivyo kinyume. Katika mkasi popoo inakaa karibu na kiungo na mkono uko mbali, kwa hiyo nguvu ndogo ya mkono inakuwa kubwa kwenye popoo. Taya halina bahati hiyo. Msuli uko karibu na kiungo na kazi iko mbali, kwa hiyo msuli lazima uvute kwa nguvu kubwa kuliko ile inayofika kwenye jino. Bi mkubwa alielewa mara moja nilipomwonyesha kwa mkasi wake mwenyewe. Maelezo yangu ya kitabibu yaliyotangulia hayakuwa yamemfikia hata nusu.

Kulikuwa na jambo zito zaidi ya msuli. Popoo, hata bila tumbaku, iliwekwa mwaka 2004 na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani katika kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na kabla ya saratani kuna ugonjwa ambao popoo ndiyo chanzo chake kikuu: nyama ya ndani ya mashavu hukakamaa, inafanya kamba, na kinywa kinajifunga mwaka hadi mwaka bila kurudi. Mtu anayetafuna popoo na kinywa chake kinafumbuka vidole viwili lazima achunguzwe kwa hilo kabla ya kuambiwa kwamba ni msuli tu. Nikamrudisha kitini. Nilipitisha kidole ndani ya shavu moja, kisha la pili, kutoka kona ya mdomo mpaka nyuma kabisa, nikitafuta kamba. Nyama ilikuwa laini, ya waridi, hakuna baka jeupe, hakuna kidonda, ulimi unatoka wote. Nikaweka vidole juu ya meno ya mbele nikafungua taratibu: kinywa kikaongezeka nusu kidole, kwa maumivu, lakini kikaongezeka. Kilichokakamaa kwa kamba hakisogei hivyo. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo.

Mazungumzo ya tambuu yalichukua muda mrefu kuliko kazi zote nilizomfanyia, na nayaeleza kwa sababu hapo ndipo matibabu mengi huvunjikia. Tambuu si uraibu wa pembeni kwa mwanamke wa umri wake. Hupewa mgeni akifika, iko kwenye harusi, iko kwenye matanga. Kumwambia “acha” peke yake ni kumwambia asipokee wageni.

“Niwache tambuu, mgeni aje nimtazame mikono mitupu?”

“Mgeni mpe, bi mkubwa. Wewe popoo usile.”

“Nipunguze?”

Nikamwambia ukweli, kwamba kwa msuli kupunguza kungetosha, lakini kwa saratani sina kipimo cha popoo ninachoweza kumwambia hiki ni salama. Akanyamaza kitambo. Mkaza mwana ndiye aliyeleta njia: jani kwa iliki na ulaini wa nazi iliyokunwa, popoo hakuna, chokaa hakuna. Bi mkubwa akasema hiyo si tambuu. Kisha akasema atajaribu.

Siku hiyo hiyo nilitaka kujua anatafuna kiasi gani, ili nisije nikajidanganya baadaye. Mwaka 1950 Manly na Braley wa Marekani walipima kutafuna kwa karanga: mtu hutafuna idadi maalumu ya mara, hatemi wala hamezi kabla ya hapo, kisha kinachotoka hupitishwa kwenye chekeche, na kinachobaki juu ndicho hakijasagika. Siku hizi maabara hutumia chingamu ya rangi mbili, wakaangalia rangi zimechanganyika vipi. Mimi sina maabara. Nilinunua karanga za kukaanga kwa mtoto wa getini, nikachukua chujio la chai. Hicho si kipimo cha kuchapisha, ni cha kumlinganisha mtu na nafsi yake mwenyewe. Kushoto alitafuna mara 20, akatema kikombeni, nikasuuza juu ya chujio: nusu za karanga zilibaki nusu, nyingine zina ngozi yake. Alikuwa hajui kutafuna kushoto. Karanga zilikuwa zikikimbilia kulia zenyewe, ulimi unazirudisha. Kulia alisimama mara ya nane, ameshika shavu.

Siku hiyo mkaza mwana alifungua mkoba akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso. Meno ya bandia ya chini, upande wa kushoto, yametengenezwa miaka iliyopita mahali pengine, karibu mapya. “Anayaweka kabatini na dhahabu zake,” akasema. Bi mkubwa akaona haya, kana kwamba ni kosa lake. Si kosa lake. Bandia ya namna ile haina jino la nyuma la kuishikilia. Mbele imeegemea jino, nyuma imelala juu ya ufizi laini, na kila akiuma nyuma inazama, mbele inanyanyuka, chakula kinaingia chini yake na kuchoma. Tena kule juu gego lililoshuka limekwisha kula nafasi. Watu wengi huzivua bandia za aina hiyo na wasizivae tena. Aliyetafuna upande mmoja miaka 20 akapewa kitu kinachocheza, atakiacha.

Wenzangu wawili niliowaeleza kisa walisema nimtengenezee nyingine iliyo bora. Sikukubaliana nao, na mpaka leo sikubaliani. Mwenye magego madogo yote na jozi moja nzima ya magego makubwa, kwa ushahidi tulio nao, na wa hapa nchini, anaweza kula bila bandia. Kwanza ilindwe hiyo jozi. Kwa hiyo nilitoa kijazo cha muda, nikajenga gego kwa kijazo cha kudumu kilichofunika na ule ukuta uliopasuka, nikakisawazisha mpaka karatasi ya rangi ikaonyesha linagusana na mwenzake katikati tu. Kofia ya jino ingelilinda zaidi. Ingetaka safari na fedha ambazo mwaka ule nyumba ile haikuwa nazo.

Msuli ulitaka vitu vya nyumbani. Kitambaa cha maji ya moto shavuni, robo saa, asubuhi na usiku. Midomo ifungwe, meno yasigusane, wakati wowote asipokuwa anakula. Vidonge vya maumivu siku chache, baada ya kupima presha. Chakula laini kwa wiki tatu, kisha arudi kutafuna, kwa sababu msuli uliopumzishwa mno nao unadhoofu. Na aanze na kushoto, vipande vidogo, magego madogo yajifunze kazi.

Juu ya chakula, mkaza mwana alikuwa mwalimu wangu. Mimi nilikuwa na orodha ya kitabuni. Yeye alisema pweza ni kipigo: apigwe mwambani mpaka mikono ilegee, achemshwe kwa maji yake mwenyewe bila chumvi, chumvi mwisho, akatwe kwa ukubwa wa ukucha, ndipo aingie nazi. Mbaazi za nazi, mchicha, papai, changu wa kuchemsha. Nilichoongeza ni kimoja: ile chai ya sukari na boflo mara mbili, na vikombe vingine katikati. Kila sukari inapoingia, bakteria wa utando wa meno huitengeneza tindikali, kipimo cha pH, ambacho hushuka tindikali ikizidi, kinafika chini ya 5.5 na jino linaanza kupoteza madini, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kurudisha hali. Akinywa kidogo kidogo mchana kutwa, meno hayapati hiyo nusu saa. Mtu anayeshindwa kutafuna hukimbilia laini na tamu, laini na tamu huoza meno yaliyobaki, na jozi zinazidi kupungua. Chai aendelee nayo, sukari ibaki kwenye mlo.

Alirudi baada ya wiki saba. Majamvi yalikuwa yamekwisha kukunjwa. Vidole vitatu vilipita, cha tatu kwa kubana kidogo. Nikabonyeza shavu, akasema panasikika lakini si pale pa zamani. Taya bado linalia, na nikamwambia liache lilie. Karanga: kulia mara 20 zote, na chujio likabakisha chembe chache. Kushoto vipande bado vikubwa, ila hakuna nusu nzima hata moja. Alilitazama chujio kwa muda, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

“Kumbe huku nako kunasaga.”

Kuhusu popoo hakunidanganya. Amekula mara mbili harusini, na mara moja usiku alipofiwa na jirani. Nikapitisha tena kidole mashavuni, kulia, kushoto, nyuma. Laini.

Gego la juu kushoto lililoshuka tumeliacha lilivyo, lapigwa mswaki na latazamwa. Bandia iko kabatini. Amepangiwa kurudi kabla msimu ujao wa karafuu haujaanza, nipime vidole na mashavu kwanza, na mara ya pili msimu ukiwa katikati, kwa sababu nafuu yake yote mpaka sasa ameipata akiwa analala usiku. Mkaza mwana ameniahidi kwamba usiku wa kuchambua atakaa jamvi moja naye, na birika la kahawa isiyo na sukari.